Mcheshi wa Peoria na Hukumu ya Washabiki Wake

Mwaka 1979 alifika Nairobi Mmarekani mmoja mweusi, mwembamba, mwenye masharubu, akiwa pamoja na mwandani wake wa kike, akakaa hotelini kama wanavyokaa watalii wote, akaenda mbugani kutazama wanyama, kisha akarudi kwao. Na katika wale waliopishana naye mlangoni, waliombebea mizigo na waliomtilia chai, yamkini walikuwa wachache mno waliotambua kwamba mgeni yule ndiye aliyekuwa mcheshi wa jukwaani aliyependwa na kuogopwa kuliko wote katika Marekani ya wakati ule, wala hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kubashiri kwamba fikra moja itakayompitikia moyoni, ameketi tu ukumbini akitazama watu, ingekuja kuwa kisa mashuhuri katika tarehe ya sanaa ya kuchekesha. Mtu huyo aliitwa Richard Pryor.

Kitabu chake cha maisha, kiitwacho Pryor Convictions, alichokitoa mwaka 1995 kwa msaada wa mwandishi Todd Gold, si kitabu cha kukutwa kwa wepesi katika maduka yetu. Nakala niliyoisoma mimi ni ya kuazimana, imekwisha kupita katika mikono mingi hapa Mombasa, jalada limechakaa na pambizo zimejaa alama: huyu kapiga mstari kwa wino mwekundu, yule katia alama ya kuuliza kwa penseli, na mahali pamoja msomaji ameandika kwa herufi kubwa, "Uongo!", na chini yake mwingine, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefunzwa skuli za zamani, amejibu, "Kwani wewe ulikuwapo?" Ugomvi huo wa pambizoni ndio ulionifanya niandike makala haya, kwa kuwa niliona ya kuwa mashabiki wa mtu huyu, ijapokuwa amekwisha kufa tangu tarehe 10 Desemba 2005, bado hawajamaliza shauri lake.

Wapo wa rika mbili. Wazee walimjua kwa kanda za video za miaka ya 1980, aghalabu kwa filamu alizocheza pamoja na Gene Wilder, Silver Streak ya mwaka 1976 na Stir Crazy ya mwaka 1980, wakamdhani kuwa mwigizaji wa kuchekesha tu, mwenye macho ya kutoka na uoga wa kuigiza. Vijana wanamjua kwa simu zao, wakimtazama amesimama peke yake na kipaza sauti mkononi, jasho likimtiririka, akisema maneno ambayo mzee anayepita nyuma ya kiti hulazimika kukohoa. Wote hao hukutana barazani baada ya alasiri, na kitabu kikiwa katikati yao husomwa kama barua ya mirathi, kila mmoja akitafuta fungu lake.

Mzozo wa kwanza, na ndio mkubwa, ni juu ya sitara. Pryor alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Marie, ambaye yeye alimwita Mama, mwanamke shupavu asiyechezewa, aliyekuwa na madanguro katika mtaa wa watu weusi. Mamake mzazi, Gertrude, alifanya kazi katika nyumba hizo, na babake, LeRoy, aliyepata kuwa bondia, alikuwa mwepesi wa mkono. Hayo yote mwandishi anayataja kwa majina. Anataja kwamba alinajisiwa na kijana wa jirani akiwa mtoto wa miaka 6. Anataja yale aliyoyaona kwa macho ya kitoto katika nyumba ambamo milango ya vyumba ilikuwa na kazi nyingine. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa taadhima na mwenye kuipenda mno lugha, hushikilia kwamba hapana udhuru unaomruhusu mtu kumfunua aliyemlea mbele ya walimwengu, na kwa ushahidi huleta Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ya marehemu Shaaban Robert, ambamo mwandishi anaeleza kazi yake, ndoa yake na msiba wa kufiwa na mkewe, na bado msomaji anatoka humo akiwa amekaribishwa ukumbini tu, hakupelekwa chumbani. Jawabu alilopewa mwalimu na kijana mmoja, ambaye mwenyewe hupanda majukwaa ya vichekesho mjini Nairobi, nililiona kuwa zito: kwamba Pryor hakuwa na pazia la kulifungua, kwa sababu mlango wa nyumba yao ulikuwa wazi kwa mji mzima, na wanaume wa Peoria, weusi na weupe, waliuingia usiku na kuukana mchana; basi aliyekuwa akisitiriwa kwa kimya chake si bibi, bali ni wao.

Mimi huwa upande wa kijana katika jambo hili. Nikikisoma kitabu hicho sioni kwamba Marie anatukanwa ndani yake. Namwona akipendwa kwa namna isiyoficha kitu, pamoja na fimbo zake, ambazo mjukuu alizifanyia mchezo mzima jukwaani, akionyesha jinsi alivyotumwa akakate mwenyewe kijiti cha kuchapiwa na jinsi kijiti kile kilivyolia hewani njia nzima ya kurudi nyumbani. Wala si bure kwamba kichekesho cha kwanza cha maisha yake kilikuwa kwa ajili ya bibi huyo. Alikuwa mtoto wa miaka kama 5, amevishwa nguo za koboi, ameketi juu ya ukuta mfupi wa matofali. Akajiangusha makusudi, jamaa wakacheka. Akajiangusha tena, wakazidi. Kisha akainuka kumkimbilia bibi yake, akateleza kwenye mavi ya mbwa, na kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote. Basi mtoto alifanya nini? Alirudi akateleza tena, safari hii kwa kukusudia. Mcheshi mzima yumo katika tukio hilo: aibu iliyompata kwa ajali anairudia kwa hiari, maadamu imewafurahisha watu wa nyumbani.

Juu ya mtu mmoja tu barazani hapana ubishi, naye ni Juliette Whittaker, mwalimu wa michezo ya kuigiza katika kituo cha jamii cha Carver pale Peoria, ambaye alimpokea kijana aliyefukuzwa skuli, akampa nafasi katika mchezo wa watoto, akamwona anajifunza sehemu za wenzake wote pamoja na yake. Miaka mingi baadaye, Pryor alipopata tuzo ya Emmy kwa uandishi wake katika kipindi cha Lily Tomlin, alimpelekea mwalimu wake tuzo hiyo. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye kwa mambo mengine hamsamehi Pryor hata chembe, akifika ukurasa huo huvua miwani.

Njia yake ya kufikia sauti yake mwenyewe haikuwa fupi. Alipofika New York mwaka 1963 alikuta kwamba Bill Cosby amekwisha kuonyesha jinsi mtu mweusi anavyoweza kuwachekesha wazungu bila kuwatia hofu, naye akamwiga, akafanikiwa, akaitwa kwenye televisheni, akalipwa vizuri, akachukia kila usiku wa kazi yake. Mwaka 1967, katika hoteli ya Aladdin mjini Las Vegas, alipanda jukwaani mbele ya watu waliovaa vizuri, akawatazama, akajiuliza kwa sauti, kwa neno chafu, anafanya nini pale, akashuka. Baadaye alikwenda kukaa Berkeley, California, miongoni mwa waandishi weusi wenye ghera, akasoma maneno ya Malcolm X, na aliporudi jukwaani alirudi na watu wa Peoria nyuma yake: walevi, makahaba, wahubiri, wachezaji wa kamari, na juu ya wote Mudbone, mzee mzushi kutoka Tupelo, Mississippi, ambaye kila shabiki wa pwani akimsikia hudai kwamba anamjua, kwamba ndiye yule babu wa barazani kwao, anayeanza hadithi na samaki na kuimaliza na Sultani. Albamu yake ya mwaka 1974 ilipata tuzo ya Grammy, na mwaka huohuo ilitoka Blazing Saddles, filamu ambayo yeye alikuwa mmoja wa walioiandika pamoja na Mel Brooks. Mwaka 1977 shirika la televisheni la NBC lilimpa kipindi chake. Vilirushwa vipindi vinne, kukawa na mivutano juu ya maneno na michezo yake, mambo yakaishia hapo.

Sasa niingie katika habari ya Nairobi, ambayo washabiki wetu huipenda kuliko nyingine zote, na ambayo, kwa hakika, ndiyo inayowafanya wamhesabu kuwa nusu jamaa.

Lipo tusi ambalo Wamarekani weupe waliwaitia watumwa na wajukuu wa watumwa. Pryor alilichukua akalifanya lake. Alilitia katika majina ya albamu zake, alilirudia mara kumi katika pumzi moja, akidhani kwamba kwa kulisema yeye mwenyewe analing'oa sumu. Wengi walimshangilia kwa ujasiri huo. Akiwa Nairobi, ameketi katika ukumbi wa hoteli, alitazama huku na huku akaona watu weusi wa kila daraja, wanaofagia na wanaoamrisha, wenye suti na wenye sare, kila mmoja anakwenda na shughuli zake. Na ndani yake ikasema sauti, ikamwuliza anaona nini, na kama katika hao yupo hata mmoja anayestahili kuitwa kwa neno lile. Hapo akatanabahi kwamba amekaa wiki tatu hajalitamka, wala halikumjia akilini. Aliazimia kuliacha. Mwaka 1982, katika filamu ya onyesho lake Live on the Sunset Strip, iliyopigwa Hollywood, aliwasimulia watazamaji kisa hicho, na wapo mashabiki wa kwao ambao hawakumridhia, wakaona kwamba Afrika imewaharibia mcheshi wao.

Barazani petu kisa hiki husimuliwa kama karama. Mzee mmoja, aliyepata kufanya kazi katika mahoteli, hukisimulia kana kwamba ni yeye aliyemtilia kikombe, na kila mara hoteli hubadilika jina na idadi ya wasikilizaji huongezeka. Husema kwamba Kenya ilimponya. Kijana wa majukwaani humpinga kwa adabu, "Lakini mzee wangu, wale watu hawakumfanyia kitu, walikuwa kazini," na mzee hukasirika kidogo, kwa kuwa kila mtu hupenda nchi yake isifiwe kwa jambo ililolikusudia. Nadhani kijana amegusa kiini. Kilichomgeuza Pryor hakikuwa hekima ya wahenga wala ngoma ya kumkaribisha. Kilikuwa ni watu wasiomtazama. Polisi mweusi akimwongoza dereva mweusi, karani mweusi akimkatalia mgeni mweusi jambo lisilowezekana, hakuna anayewaza juu ya weusi wa mwenziwe: hayo kwetu ni siku ya Jumatatu, na kwa mtu aliyetoka Peoria yalikuwa ni ajabu ya kumkausha ulimi. Fahari iliyopo katika kisa hicho, kwa hiyo, ni yake yeye aliyekuwa na jicho la kuona, nasi tuipokee kwa unyenyekevu.

Tena haikumponya. Hili husahauliwa, na pengine ndilo lililomfanya yule msomaji wa herufi kubwa aandike neno lake pambizoni. Haukupita mwaka na nusu tangu safari ile, usiku wa tarehe 9 Juni 1980, Pryor, akiwa ametekwa na kokeini ya kuvuta, alishika moto nyumbani kwake California, akatoka akikimbia barabarani huku anaungua, mwili wake ukaungua zaidi ya nusu, na akalala hospitalini muda wa wiki sita. Kwanza ilisemwa kwamba ilikuwa ajali. Jukwaani, mwaka 1982, alianza kwa mzaha kwamba alichanganya aina mbili za maziwa, akachovya biskuti, ikalipuka. Watu wakaangua kicheko. Kisha, kicheko kikiwa bado hakijatulia, akawaeleza habari ya dawa ilivyomfanya, hata akakiiga kile kiko cha kuvutia kinavyosema naye kwa upole kama mke mwenye wivu, kikimwambia asitoke, asijibu simu, wabaki wao wawili. Ni kitabuni ndipo anapomaliza maneno: kwamba alijimwagia pombe kali kwa mkono wake na kuwasha moto kwa kutaka kufa.

Mashabiki wanaosema kwamba kitabu ni dhaifu mbele ya jukwaa wana haki yao. Katika Live in Concert, onyesho lililopigwa filamu Long Beach mwishoni mwa mwaka 1978 na kutoka mwaka uliofuata, kuna mahali moyo wake unamshambulia, naye anaigiza moyo na mtu kwa pamoja, moyo ukimwamuru apige magoti na kumsimanga kwa kula nyama ya nguruwe, mpaka anagaagaa sakafuni. Jambo hilo haliandikiki, na kitabu hakijaribu kuliandika. Sentensi zake ni fupi, mwendo wake ni wa haraka, na sura nyingine zinapita juu ya miaka mizima kama mtu anayevuka shimo. Ikumbukwe pia hali ya mwandishi. Tangu mwaka 1986 aliambiwa kwamba ana maradhi ya mishipa ya fahamu yasiyo na tiba, yale yanayodhoofisha viungo kidogo kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akipanda jukwaani kwa kuketi kitini. Mtu ambaye sanaa yake yote ilikuwa katika mwili, katika shingo, magoti, mboni za macho, alibakiwa na kusema na mwandishi. Hata hivyo mimi nathubutu kusema kwamba kitabu kina amali moja ambayo jukwaa halina, nayo ni kwamba humo hapana anayecheka. Kicheko cha watu elfu tatu ni hoja isiyojibika. Humchukua msikilizaji kabla hajapima. Kwenye ukurasa msomaji yuko peke yake na neno, naye hulipima.

Ndiyo maana mzozo wa pili uliletwa barazani na mwanamke, wakili, ambaye alikisoma kitabu mwanzo hata mwisho kabla ya kusema lolote. Pryor alioa mara 7 wanawake 5, wawili katika hao akiwaoa mara mbilimbili, na kwamba aliwapiga wanawake si siri, yeye mwenyewe hakuificha. Katika Live in Concert kipo kisa mashuhuri cha jinsi alivyolipiga risasi gari ambalo mkewe alitaka kuondoka nalo, tairi zikatoa pumzi, polisi wakaja, naye akaingia ndani kwa sababu polisi, kama asemavyo, hawapigi magari. Hapana asiyekicheka. Wakili yule alisema, "Mwalimu, sote tunacheka kisa cha gari, nani kati yetu amepata kuuliza mke yule alikuwa anakimbilia wapi usiku ule?" Hapakuwa na aliyejibu upesi. Baadaye mmoja alijaribu kusema kwamba kukiri ni nusu ya toba, akaambiwa kwamba nusu nyingine wanadaiwa wenyewe waliopigwa. Jennifer Lee, aliyekuwa naye katika safari ya Kenya, akaolewa naye, akaachwa na kuolewa naye tena mwishoni mwa uhai wa mumewe, aliandika kitabu chake mwaka 1991, na binti wa Pryor, Rain, akaandika cha kwake mwaka 2006. Na rai ya wakili, ambayo naiunga mkono, ni kwamba anayetaka kumjua Pryor asome vyote vitatu, wala asianze na cha mwanamume.

Kuhusu urithi wake wa sanaa sina haja ya kurefusha, kwa sababu uko mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 1998 Kituo cha Kennedy cha Washington kilipoanzisha Tuzo ya Mark Twain ya ucheshi wa Kimarekani, wa kwanza kupewa alikuwa yeye. Eddie Murphy, Chris Rock na Dave Chappelle wote wamekiri deni. Peoria, mji ambao kwa muda mrefu haukujua uone fahari au haya, ulisimamisha sanamu yake ya shaba mwaka 2015, miaka 10 baada ya kufa kwake. Hata vijana wetu wanaosimama Nairobi na Dar es Salaam na kuanza kwa kusimulia fimbo za mama, umaskini wa kwao na kijiji kilichowalea, wakiwaigiza kwa sauti zao, wanapita njia aliyoifyeka yeye, wajue wasijue.

Jambo moja likabaki barazani jioni ile bila kupatiwa jawabu, nalo lililetwa na yule kijana. Aliuliza kama sisi tungeweza kuzozana namna hii juu ya wacheshi wetu. Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimwita Mzee Ojwang', alifariki Julai 2015. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alifariki Agosti 2018. Wote wawili walizikwa kwa heshima kubwa na majonzi ya watu wengi, na wote wawili walikwenda na mengi ambayo hayakuandikwa: walianzaje, walilipwa nini, nani aliwadhulumu, walichekesha nini siku ambazo nyumbani palikuwa na msiba. Tunazo kanda zao, tunacheka, tunanyamaza. Wapo wazee wa fani hiyo walio hai hadi leo, wa redioni na wa jukwaani, Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko, na wapo vijana wenye kalamu wasio na kazi ya kuzishughulisha. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanisikie: wawatume vijana hao kwa wazee hao mwaka huu, na daftari, na nauli, na subira ya kuwasikiliza hata katika yale wasiyopenda kuyasema.